Ukiwa katikati ya jiji, chakula cha kununua kiko wapi? Mwongozo wa Posta, Kisutu na Kariakoo

Mgeni anayefika katikati ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza hukutana na jambo la ajabu. Amezungukwa na maelfu ya watu, majengo ya ghorofa ishirini na zaidi, benki kila kona, maduka ya simu, maduka ya nguo na ofisi za ndege. Lakini akitaka kununua kilo moja ya mchele, nyanya nne na kipande cha sabuni, hajui aende wapi. Kule kijijini duka liko hatua chache kutoka nyumbani na anayeliendesha anamfahamu kwa jina. Huku mjini anaweza kutembea nusu saa asione hata kitunguu.

Jambo hili linawagusa wasikilizaji wetu wengi kuliko wanavyodhani. Si kila anayekwenda mjini anakwenda kutembea. Wengi hupelekwa na shida: rufaa ya kwenda Muhimbili, matibabu ya mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, kesi mahakamani, mafao ya mzee aliyestaafu, au hati ambayo haipatikani wilayani. Safari ya siku mbili hugeuka wiki tatu, na fedha iliyotoka nyumbani ilihesabiwa kwa siku mbili.

Makala haya yanaeleza kwa nini maduka ya vyakula hayaonekani kirahisi katikati ya jiji, yako wapi hasa, na namna ya kuyatafuta kwa simu na kwa mdomo. Tumechukua Dar es Salaam kama mfano, kwa kuwa ndiko wengi wetu hupelekwa. Hata hivyo, mengi ya yaliyomo humu yatakusaidia pia ukiwa katikati ya jiji jingine.

Kwa nini jambo hili ni la fedha, si la starehe

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mama anauguza mumewe na wote wawili wanakula kwa mama lishe. Sahani moja ya wali na maharage tuikadirie kwa shilingi 2,500. Wakila mara mbili kwa siku, watu wawili wanatumia shilingi 10,000. Matibabu ya mionzi mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa. Yakifika wiki sita, ambazo ni siku 42, chakula peke yake kimekula shilingi 420,000. Hapo hatujaweka chai ya asubuhi, maji ya kunywa wala nauli.

Kwa familia nyingi za wakulima hiyo ni fedha ya mbegu na mbolea ya msimu mzima. Wapo wanaoacha matibabu katikati na kurudi nyumbani kwa sababu fedha ya kuishi mjini imekwisha, ingawa dawa zilikuwa zinaendelea kutolewa. Kwa hiyo kujua duka la bei nafuu liko mtaa gani si jambo dogo. Linaweza kuongeza siku ambazo mgonjwa anaweza kubaki karibu na hospitali.

Kwa nini Posta hakuna genge

Ili ujue pa kutafuta, inasaidia kujua jiji lilivyopangwa. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na baadaye Waingereza walipotawala, mji uligawanywa kwa rangi za watu. Upande wa bahari na bandari ulikuwa wa Wazungu, wenye ofisi na nyumba za bustani. Uliofuata ulikuwa Uhindini, mitaa ya maduka ambako mwenye duka alifanya biashara chini na kulala juu. Waafrika walipangiwa upande wa pili, Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo kiliachwa kiwanja kitupu, ambacho ndicho Mnazi Mmoja ya leo.

Ubaguzi huo uliondoka, lakini ramani imebaki. Upande wa bahari, yaani Posta, Kivukoni na Barabara ya Samora, bado ni wa ofisi. Mitaa ya katikati, kama Jamhuri, Libya, Zanaki na Kisutu, bado ni ya maduka. Na ukivuka Mnazi Mmoja kwenda magharibi unaingia Kariakoo, ambako chakula cha jiji huuzwa tangu zamani.

Sababu ya pili ni kodi ya pango. Chumba cha chini katika jengo lililoko Posta hukodishwa kwa fedha nyingi. Anayeuza nyanya kwa fungu hawezi kuilipa, ila benki au duka la simu linaweza. Zile nyumba za zamani za ghorofa moja au mbili, zilizokuwa na duka la unga, mafuta na viungo chini yake, nyingi zimebomolewa na mahali pake pamejengwa maghorofa marefu.

Sababu ya tatu ni kwamba wafanyakazi wa Posta wengi hawaishi Posta. Wanakuja asubuhi na kuondoka jioni. Mahitaji yao ya nyumbani huyanunua karibu na kwao: Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta. Wakiwa kazini wanataka chakula kilichopikwa. Ndiyo maana utakuta mama lishe na migahawa mingi, lakini magenge machache.

Na mwisho, mwaka 2021 wamachinga waliondolewa katika njia za waenda kwa miguu na maeneo mengine ya barabara jijini, wakaelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Mwenye meza ya matunda uliyemwona safari iliyopita pale kituoni huenda leo hayupo. Ukirudi baada ya miaka michache, usitegemee kumbukumbu ya zamani.

Hatua ya kwanza: duka la karibu, ukiwa Posta

Ukiwa karibu na Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Barabara ya Azikiwe, uko katikati kabisa ya eneo la ofisi. Hapo utapata maduka madogo ya kujihudumia, yaani supamaketi ndogo, chini ya baadhi ya majengo. Mengi hayana bango kubwa. Tafuta mlango wa kioo wenye friji za maji na soda ndani, au watu wanaotoka na mifuko ya mkate.

Maduka haya yanafaa kwa vitu vichache: maji ya kunywa, mkate, maziwa, sabuni, dawa ya meno, biskuti. Bei huandikwa kwenye rafu, kwa hiyo huhitaji kubishana, na mgeni halipishwi zaidi ya mwenyeji. Lakini kwa mchele, unga, mafuta ya kula na mboga, mara nyingi utalipa zaidi kuliko sokoni.

Wengine huuliza kwa nini hakuna supamaketi kubwa hapo katikati, kama zile za majiji ya nje. Kampuni kubwa za nje zilijaribu biashara hiyo nchini. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka na maduka yake kuchukuliwa na Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ikaanguka miaka michache baadaye. Supamaketi kubwa zilizopo leo ziko zaidi pale penye maegesho ya magari, kama Mlimani City, Mikocheni na Masaki. Kwa mtu asiye na gari, huko ni mbali, na nauli italamba ulichookoa.

Hatua ya pili: Kisutu, dakika kumi kwa miguu

Kutoka Sanamu ya Askari, ukitembea kuelekea magharibi kwa dakika kumi hivi, unafika eneo la Kisutu. Ukija kwa mabasi ya mwendokasi ya njia ya Kimara–Kivukoni, kuna kituo kinachoitwa Kisutu. Shuka hapo na uulize, "Soko la Kisutu liko upande gani?"

Soko la Kisutu ndilo soko la vyakula lililo karibu zaidi na ofisi za mjini. Zamani lilikuwa mabanda. Sasa ni jengo jipya la ghorofa. Kuna mboga za majani, matunda, viazi, nazi, kuku, samaki na viungo. Kwa kuwa wakazi wa Upanga na mitaa ya jirani hununua hapo, bidhaa huwa nzuri, na bei huwa juu kidogo kuliko Kariakoo. Anayetaka vitu vya siku moja au mbili hana sababu ya kwenda mbali zaidi.

Katika mitaa inayolizunguka soko hilo bado yapo maduka ya zamani ya rejareja yanayouza mchele, dengu, choroko, unga wa ngano, viungo na mafuta kwa kupima. Usiogope kuomba robo kilo. Wenye maduka hayo wamezoea.

Angalia saa. Ijumaa mchana, kati ya saa sita na saa nane, maduka mengi ya eneo hili hufungwa kwa ajili ya sala. Jumapili sehemu kubwa ya katikati ya jiji hulala. Ukijua kesho ni Jumapili, nunua mahitaji yako Jumamosi mapema.

Hatua ya tatu: Kariakoo, ng'ambo ya Mnazi Mmoja

Kutoka Sanamu ya Askari hadi Soko la Kariakoo si mbali kama watu wanavyofikiri. Ni chini ya kilomita mbili, mwendo wa nusu saa kwa miguu ukivuka Mnazi Mmoja. Kutoka Muhimbili pia ni umbali wa namna hiyo. Kwa mwendokasi unashuka kituo cha Msimbazi au Gerezani.

Jina Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha kikosi cha wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwachukua Waafrika wengi mno kubeba mizigo ya jeshi, na kambi yao ikawa hapo. Jengo kuu la soko, lenye paa la saruji mfano wa miavuli iliyogeuzwa, lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, na baada ya hapo likafanyiwa ukarabati mkubwa. Wafanyabiashara walihamishiwa masoko mengine ya jiji, na kwa hiyo usitegemee kumkuta muuzaji uliyemfahamu zamani kwenye kizimba kilekile.

Watu husema "nakwenda Kariakoo" kana kwamba ni duka moja. Kariakoo ni mitaa mingi, na kila mtaa una biashara yake. Mtaa wa Kongo unajulikana kwa nguo. Ukiingia huko ukitafuta unga utachoka bure. Kwa vyakula, anzia kwenye soko lenyewe na mitaa inayolizunguka, kama Tandamti, Mkunguni na Swahili. Hapo ndipo utakuta nafaka, viungo, dagaa, nazi, na maduka ya jumla ya sukari, mafuta na unga wa viroba.

Msikilizaji mkulima atafurahi kukutana na mazao ya kwao: mchele wa Kyela, viazi vya Njombe, nyanya za Ilula, machungwa ya Muheza, nanasi za Kiwangwa. Atashtuka pia akiona bei. Usimlaumu muuzaji peke yake. Kati ya shamba lako na meza yake kuna wakala, lori, ushuru, wapakuzi, mali iliyooza njiani na kodi ya kizimba.

Jambo moja la kukumbuka: maduka mengi ya Kariakoo ni ya jumla. Wanauza katoni, dazani au kiroba, na ukiomba kimoja watakuambia "hatuuzi rejareja." Hapo ndipo umoja unasaidia. Wauguzaji watatu au wanne waliofahamiana wodini wanaweza kuchangishana, wakanunua kiroba kimoja cha unga, katoni ya sabuni au dumu la mafuta, wakagawana. Mmoja anakwenda sokoni, wengine wanabaki na wagonjwa. Andikeni fedha ya kila mmoja kwenye karatasi kabla ya kuondoka, ili pasiwe na maneno baadaye.

Na Feri je?

Walio Ocean Road wako karibu na soko la samaki la Feri, Kivukoni, kwa mwendo wa miguu kando ya bahari. Asubuhi kuna mnada, ambapo samaki huuzwa kwa mafungu makubwa kwa wachuuzi. Baada ya hapo unaweza kununua samaki mmoja mmoja, na kuna mahali pa kumsafisha na kumkaanga kwa malipo. Kama huna pa kupikia, samaki wa kukaanga wa hapo ni kitoweo kizuri. Uliza bei ya samaki na bei ya kukaanga kila moja peke yake kabla hujakabidhi fedha.

Kutafuta kwa simu

Kama una simu janja, fanya kazi hii ukiwa bado nyumbani au mahali penye intaneti ya bei nafuu. Fungua ramani ya Google, tafuta "Dar es Salaam", kisha pakua ramani ya eneo la katikati ili ifanye kazi bila bando. Weka alama kwenye sehemu nne: hospitali au ofisi unayokwenda, mahali utakapolala, Soko la Kisutu na Soko la Kariakoo. Ukishaziona kwenye ramani moja, utashangaa zilivyo karibu.

Ukitafuta duka, usiandike neno moja tu. Jaribu "supermarket", kisha "duka la vyakula", kisha jina la mtaa ulipo. Wenye maduka madogo wengi hawajajiandikisha kwenye ramani, kwa hiyo usipoona kitu kwenye simu usidhani hakipo. Na kilichopo kwenye ramani huenda kilishafungwa. Kama kuna namba ya simu, piga kabla hujaanza safari.

Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, mitaa mingi ina vibao vya majina na nyumba zina namba. Ukipotea, soma kibao cha mtaa kwanza, kisha mpigie mwenyeji wako umwambie jina la mtaa na namba ya jengo. Ni bora kuliko kusema "niko karibu na ghorofa refu la kioo", kwa kuwa yote ni marefu na yote yana kioo.

Kama simu yako ni kitochi, bado inatosha. Mwombe kijana wa nyumbani akuandikie ujumbe mfupi wenye majina ya vituo na masoko kwa mpangilio: ulikolala, kituo cha kupandia, kituo cha kushukia, jina la soko. Uuhifadhi. Andika pia kwenye karatasi, kwa sababu betri huisha.

Ukiwa Kariakoo au kituoni, usitembee ukiwa umeshika simu mkononi ukitazama ramani. Vibaka hupora na kukimbia, wengine wakiwa juu ya pikipiki. Ingia dukani au simama ukutani, tazama njia, rudisha simu mfukoni, ndipo uendelee.

Kutafuta kwa mdomo

Simu ni msaada, lakini mjini kama kijijini, kuuliza ndiko kunakofikisha. Tofauti ni nani wa kuulizwa. Mtu mwenye tai anayetembea haraka huenda hajui kitunguu kinauzwa wapi, maana ananunua kwao Tabata. Waulize wanaoshinda hapo na wanaokula hapo: mlinzi wa getini, mfagiaji wa ofisi, dereva wa bajaji, mwuza magazeti.

Anayejua zaidi ni mama lishe. Kila alfajiri ananunua mchele, maharage, nyanya na mkaa kwa bei ambayo inamwachia faida. Kula kwake mara moja, kisha uliza kwa adabu: "Shikamoo mama. Mimi mgeni, nauguza hapa hospitali. Mchele na mboga unanunua wapi?" Wengi watakuelekeza hadi jina la muuzaji. Kijana muuzaji mwite kaka au dada, mkubwa mwamkie. Salamu inafungua mlango Dar es Salaam kama inavyofungua Sumbawanga.

Uliza watu wawili tofauti. Wakikuelekeza sehemu moja, nenda. Kijana akijitolea kukupeleka mwenyewe na kukubebea mzigo, mshukuru na ukatae, au mpatane malipo mapema. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa haki, na wapo wanaokupeleka duka la rafiki yao ambako bei imeongezwa posho ya mleta mteja.

Ukishafika: namna ya kununua

Usinunue kwenye meza ya kwanza. Uliza bei kwa wauzaji watatu, ndipo uamue. Ukinunua kwa fungu, tazama yaliyo chini, si yale mazuri yaliyopangwa juu. Ukinunua kwa mzani, hakikisha sahani ya mzani ni tupu na mshale uko kwenye sifuri kabla bidhaa haijawekwa. Mizani ya biashara hutakiwa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama. Ukinunua kwa kisado au kopo, tazama kama kitako hakijabonyezwa kwa ndani.

Mboga na matunda yanayoharibika mara nyingi hushuka bei jioni, muuzaji anapotaka kumaliza. Kwa anayekula siku hiyohiyo, jioni ni wakati mzuri. Lakini usikae hadi giza ukiwa na mzigo katika eneo usilolijua.

Bidhaa za pakiti, hasa maziwa na juisi, zisome tarehe ya mwisho wa matumizi. Bei ikiwa ya chini mno, tarehe ndiyo ya kutazama kwanza.

Kuhusu malipo, wauzaji wengi hupokea fedha kwa simu. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu yako na umuulize muuzaji kama ndilo lake. Kuna makato pia, kwa hiyo kwa manunuzi madogo fedha taslimu ni nafuu. Beba noti ndogo, na fedha ya dawa na nauli ya kurudi iweke mahali tofauti na fedha ya sokoni.

Beba mfuko wako. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na mfuko mbadala unauzwa. Ukitoka nyumbani na kikapu cha ukili, umeokoa fedha kila siku.

Kama huna pa kupikia

Gesti nyingi haziruhusu kupika chumbani, na kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari ya kuua. Usijaribu. Lakini hata bila jiko unaweza kupunguza gharama. Kula mlo mmoja wa moto kwa mama lishe, na mlo wa pili jitayarishie kwa vitu visivyohitaji moto: mkate, ndizi mbivu, parachichi, karanga, maziwa ya pakiti, mayai ya kuchemsha, matunda ya msimu. Matunda na mboga za kula mbichi zioshe kwa maji safi. Ukiirudia hesabu yetu ya mwanzo kwa njia hii, utaona fedha iliyokuwa ya wiki sita inaweza kuvuka hapo.

Kama unampelekea mgonjwa chakula, muulize muuguzi kwanza. Wapo wanaokatazwa chumvi, sukari, mafuta au aina fulani za matunda, na wapo wanaotakiwa kukaa bila kula kabla ya kipimo. Uliza pia kama hospitali ina utaratibu wa chakula kwa waliolazwa na sehemu ya kupumzikia ndugu. Kuna msaada ambao hautangazwi ukutani, na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo mahali pa kuuliza. Ukiona fedha zinaelekea kuisha, nenda ofisi hiyo mapema, kabla hujaanza kufikiria kukatisha matibabu.

Kwa ufupi

- Posta: maji, mkate na vitu vidogo. Ni karibu, bei iko juu.
- Kisutu: mboga, matunda, kuku, nafaka za kupima. Dakika kumi kwa miguu. Angalia Ijumaa mchana na Jumapili.
- Kariakoo: vyakula vya wiki nzima, hasa mkinunua kwa kuchangishana. Nusu saa kwa miguu.
- Feri: samaki, hasa kwa walio Ocean Road.
- Kabla ya kusafiri: pakua ramani au andika majina ya vituo, beba kikapu, tenganisha fedha.
- Ukikwama: muulize mama lishe.

Siku ya kwanza ukishapata pa kulala na mgonjwa akishapokelewa, tenga saa moja. Tembea bila mzigo hadi Kisutu, uliza bei za vitu vitano unavyovihitaji, uziandike, urudi. Siku ya pili fanya hivyo Kariakoo. Baada ya hapo utajua fedha yako itafika siku ngapi, na utaweza kuwaambia walio nyumbani mapema kama inahitajika nyingine.